Draya ya saluni na nyuki wa Kasarani

Nilipomwomba dada wa saluni aniazime draya nusu saa nikaushe nyuki, alicheka mpaka akashika kiti. "Kwani nyuki wana nywele?"

Wanazo, na ndizo zilizonitesa. Mradi wangu wa shahada ulikuwa kuhesabu nyuki wa porini kwenye vishamba vya sukuma na nyanya kando ya mto, Kasarani. Si wale wa asali. Wengi wa hawa hawana malkia. Kila jike hujichimbia kishimo chake ardhini au hukaa ndani ya kijiti kikavu. Nyanya hunufaika nao: chavua yake imefungiwa ndani ya ua, haitoki mpaka ua litetemeshwe, na nyuki wa asali hawezi mtetemo huo. (Tuko jirani na icipe, taasisi ya wadudu aliyoianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970, lakini mtaani kwetu mdudu bado ni wa kupuliziwa dawa tu.)

Mtego ni rahisi: mabakuli ya plastiki ya manjano, buluu na meupe, maji, tone la sabuni ili mdudu azame. Siku ya kwanza nilitega 15 asubuhi. Jioni nikakuta 4. Bakuli zuri haliachwi shambani Nairobi! Nikanunua mengine, nikayatoboa karibu na ukingo kwa sindano ya magunia iliyopashwa moto. Wezi wakayaacha. Tena mvua ikinyesha, maji ya ziada yalitokea matunduni na nyuki wakabaki.

Ila nyuki aliyelala majini hutoka kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Nywele zimegandamana, mistari haionekani, wala ile brashi ya tumboni ambayo nyuki mkata-majani hubebea chavua. Nilipeleka wa kwanza Makumbusho nikawalinganishe na wa kwenye mkusanyo. Hawakufanana na chochote.

Basi nikajifunza: waoshe kwa sabuni, suuza, watie spiriti, kisha kwenye chupa iliyofunikwa kipande cha neti, uwapulizie upepo wa uvuguvugu huku ukiitikisa. Dada alisimama begani kwangu. Manyoya yakaanza kuinuka, rangi ya kahawia, halafu mstari mweupe. Akainama, akanyooshea kidole kimoja pembeni.

"Huyo mrudie mgongoni. Bado mbichi."