Pikipiki ya Baba na Mteremko wa Kyela

Mwaka 2014, nikiwa naishi Ilomba, jijini Mbeya, niliamua kuifanya upya pikipiki aliyoniachia marehemu baba. Ilikuwa ya Kichina, yenye injini ya cc 125 iliyofuata muundo wa Honda CG125, ile ambayo vali zake husukumwa na fimbo ndefu za chuma badala ya cheni ya ndani, na ambayo mafundi huipenda kwa sababu hufunguka kwa spana chache. Baba aliibebesha magunia ya mpunga na kokoa kule Kyela kwa miaka mingi, hivyo ilipofika mikononi mwangu ilikuwa ikitoa moshi wa bluu na kuchoka kwenye kila kilima. Nilitaka kuishusha Kyela ikiwa mpya, mama aione.

Fundi wangu alikuwa na banda Mwanjelwa, mtu mzima niliyemwamkia kila asubuhi kabla ya kushika spana yoyote. Tulikubaliana kuacha silinda ya zamani yenye kipenyo cha milimita 56.5 na kufunga ya milimita 62, ambayo kwa mwendo uleule wa pistoni wa milimita 49.5 huipandisha injini kutoka cc 124 hadi cc 149. Silinda hiyo haikuingia bila kazi, kwa kuwa mdomo wa injini unaoipokea ulikuwa mwembamba; ilibidi kila kitu kifunguliwe na kupelekwa kwa fundi wa kukereza vyuma. Nilikaa pale mchana kutwa nikitazama nyuzi nyembamba za aluminiamu zikijikunja na kuanguka chini, nikiomba Mungu mkono wa yule kijana usitetereke.

Ekzosi ya kiwandani niliitoa, nikafunga nyingine fupi iliyo wazi, na sanduku la chujio la hewa likapisha chujio dogo la umbo la pia linaloning'inia nyuma ya kabureta. Nilimuuliza fundi kama tubadilishe na jeti kuu, kile kitundu cha kabureta kinachopimia injini petroli. Alichomoa plagi, akaifuta ncha yake kwa kidole na kuisogeza kwenye mwanga: ilikuwa ya rangi ya kahawia, kama kahawa iliyokaangwa vizuri.

"Kwa hapa Mbeya, mwanangu, hii jeti inatosha," alisema.

Rangi ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi, na kazi hiyo niliifanya kwa mikono yangu. Nilipiga tenki msasa wa maji, nikajaza mabonde yaliyotokana na kuanguka, nikapuliza rangi ya msingi, kisha damu ya mzee tabaka tatu, na mwisho rangi angavu ya kung'arisha. Katika pande zote mbili za tenki palikuwa na madoa mawili ya mviringo, makubwa kama kiganja, ambapo rangi ya zamani ilikuwa imelika hadi chuma kikaonekana cheupe na laini. Niliyasugua na kuyafunika pamoja na mikwaruzo mingine.

Niliondoka Jumamosi moja ya Novemba. Baridi ya Isongole ilinikuta nimevaa makoti mawili, na pikipiki ilipanda ile milima kama haina mzigo. Baada ya Tukuyu barabara ilianza kushuka kuelekea Ibanda, na kila nilipoachia mafuta ekzosi ilipasua milio mifupi mifupi iliyorudi kutoka kwenye migomba. Niliipenda sauti ile. Sikujua kwamba ilikuwa dalili ya hewa kuzidi petroli.

Kufika tambarare, joto likiwa limepanda na koti zote mbili nimezifunga nyuma, niliifungulia hadi kilomita 80 kwa saa. Kwanza nguvu ilipungua taratibu, kama vile breki zimeshika. Kisha ukasikika mkwaruzo mkali wa chuma kwa chuma, na gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Nilibana klachi bila kufikiri, na hicho ndicho kilichonizuia kuanguka. Nilisimama kando ya mashamba ya mpunga, mapezi ya silinda yakilia ti, ti, ti kwa joto.

Nilimpigia fundi simu. Hakuniuliza spidi wala oili.

"Chomoa plagi. Ina rangi gani?"

"Nyeupe, fundi. Kama majivu."

Alinyamaza, kisha akanieleza kwa upole. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani; Kyela iko karibu mita 500 tu, kwa hiyo hewa inayoingia kwenye kabureta ni nzito, huku jeti ikiendelea kutoa petroli kidogo. Ekzosi ya wazi na lile chujio vilikuwa vimeongeza hewa tayari, na wepesi wa hewa ya Mbeya ulikuwa ukilificha pengo hilo. Mchanganyiko ukawa mkavu, silinda mpya ikachemka, pistoni ikatanuka na kukamata. Neno "hapa" alikuwa amelitamka waziwazi, mimi nikasikia "inatosha" peke yake.

Kijana mmoja mwenye pikapu alinifikisha nyumbani. Mama aliizunguka pikipiki kimya, akasifu mng'ao, kisha akaweka kiganja ubavuni mwa tenki na kukiacha hapo kwa muda.

"Magoti ya baba yako yalikuwa hapa," alisema.

Wiki iliyofuata fundi alishuka Kyela na vifaa vyake. Tulipoivua silinda, upande wa ekzosi wa pistoni ulikuwa na michirizi ya aluminiamu iliyoyeyuka na kupakaa. Tuliichimba silinda kwa robo milimita, tukafunga pistoni ya saizi inayofuata, jeti kubwa zaidi, na nikamwomba arudishe sanduku la chujio pamoja na ekzosi ya kiwandani. Aliwasha injini uani jioni, na mama, aliyekuwa jikoni akipepeta mchele, aliacha ungo na kutoka nje kutazama nani amefika.