Utanisimulia

Ni maneno matatu tu, nami nimeyabeba kutoka Messina hadi Roma, na kutoka Roma hadi kwenye meza hii ninapoandikia: "Nenda tu, utanisimulia." Tumerudi tangu Jumapili. Wiki hii mpangaji wa chumba cha nyuma amehama, nami nimethibitishwa rasmi kuwa mkuu wa idara baada ya ule mwaka mzima wa kukaimu niliowalalamikia humu, na bado kila nikifungua sanduku la nguo yanayotoka kwanza ni maneno hayo matatu.

Mnakumbuka tulivyobishana kuhusu ndege. Baba Watoto, aliyestaafu mwezi Machi baada ya miaka 31 ya kuhesabu fedha za watu wengine, alisema kwamba kutoka Malta hadi Roma ni safari ya ndege isiyofika hata saa mbili, na kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kuigeuza kuwa ya siku nzima na usiku juu yake. Alikuwa na haki. Hata hivyo mimi nilitaka boti ya mwendo kasi kutoka Valletta, Malta, hadi Pozzallo kisiwani Sisilia, basi hadi Siracusa, kisha treni ya usiku, na yote hayo kwa ajili ya jambo moja nililolisoma kwa miezi mitatu kama mwanafunzi wa mtihani: treni inayopanda meli. Kati ya Sisilia na Italia bara hakuna daraja. Limechorwa na kuchorwa upya, la hivi karibuni likipangiwa mita 3,300 kati ya nguzo na nguzo, lakini sisi tulikuta maji matupu, na treni huyavuka ikiwa ndani ya tumbo la meli, abiria wakiwa vitandani mwao.

Basi tulipanda jioni pale Siracusa, chumba cha vitanda viwili, yeye akachukua cha chini kwa sababu ya goti. Ilipata saa saba za usiku tuliposimama kwenye bandari ya Messina na vishindo vikaanza. Treni nzima haiwezi kuingia melini kwa urefu wake, kwa hiyo mabehewa hukatwa mafungu na kusukumwa fungu moja baada ya jingine kwenye reli zilizolala sambamba ndani ya meli. Kila fungu likiingia, chuma hugonga chuma na kitanda hutikisika kama kimepigwa teke. Kiyoyozi kikanyamaza. Dirishani pakawa na ukuta wa meli, mweupe, wenye kutu kwenye misumari, karibu kiasi cha kuguswa. Moyo ulikuwa unanienda mbio. Nikashuka ngazi nikamgusa bega.

"Baba Watoto, tumeingia melini. Amka twende juu."

Akafungua jicho moja. "Saa ngapi?"

"Saa saba. Ni nusu saa tu, utarudi kulala."

"Nenda tu, utanisimulia." Akageukia ukuta.

Kama angesema amechoka, ningemwelewa. Kama angesema goti linamuuma, ningebaki naye. Lakini lile "tu" lilikuwa la kumruhusu mtoto aende kutazama mazingaombwe, wakati wakubwa wana shughuli zao. Na "utanisimulia", kana kwamba kuona na kusimuliwa ni kitu kimoja, kana kwamba tulikuwa tumesafiri nchi mbili ili mmoja aone na mwingine apewe taarifa! Nimelijibu neno hilo bafuni, nimelijibu kwenye foleni, na mara moja nimelijibu kwa sauti ndani ya lifti ya ofisini, karani aliyekuwa nyuma yangu akadhani nasema naye.

Nilichukua koti lake lililoning'inia mlangoni, kwa kuwa langu lilikuwa chini ya masanduku, nikapita kwa ubavu kati ya behewa na ukuta wa meli hadi kwenye ngazi za kupandia sitaha. Juu kulikuwa na abiria wachache wenzangu, wengine wamevaa nguo za kulalia na kandambili, wakivuta sigara kama watu waliotoka uani. Meli ikaondoka gatini polepole, ikapita mbele ya ile sanamu ya Bikira Maria iliyopakwa dhahabu, iliyosimama juu ya mnara mrefu kwenye ncha ya bandari, na chini yake, juu ya ukuta wa ngome, maandishi makubwa ya Kilatini yanayowabariki watu na mji wao. Ni mji uliobomolewa na tetemeko la ardhi la Desemba 28, 1908, ukajengwa upya, na usiku ule taa zake zilipanda mlimani kwa utulivu kana kwamba hazijui lolote. Mahali pembamba kabisa mlango-bahari huo una kilomita 3 hivi, na mkondo wake hugeuka kila baada ya saa sita au karibu na hapo. Ndiko ambako Wagiriki wa kale waliweka mazimwi wawili, mmoja wa kunyakua mabaharia na mwingine wa kumeza maji. Nilifurahi sana kwa muda wa dakika saba, labda nane. Kisha nikaanza kutazama mlango wa ngazi.

Asubuhi, baada ya kupita Napoli, aliamka amechangamka, akachana nywele, akakaa vizuri kwenye kitanda na kuweka mikono magotini. "Haya, nisimulie. Ilikuwaje?"

Nikasema, "Kawaida. Giza na maji."

Alisubiri kidogo. Halafu akaanza kukunja shuka ambalo si kazi yake kulikunja.

Hilo sikuwa nimepanga kuliandika. Nilikaa kuandika juu ya maneno yake, si yangu.

Na juzi, nikihamisha picha kutoka kwenye simu yake, nilikuta 14 za Mlima Etna, zote zimepigwa kutoka boti ya Malta, zote mbovu: mlima mdogo kama chungu, moshi usioonekana vizuri, na katika tatu kuna kidole gumba. Ndipo nikakumbuka kwamba siku ile alikuja kunitikisa kwenye kiti, "Mama, njoo uone, mlima unatoa moshi," nami bila kuondoa mtandio usoni nikamjibu, "Piga picha, nitaiona." Akarudi nje. Sikuwahi kuziulizia.

Jana usiku nilimwambia akae nimsimulie. Nilianza na vishindo, na mtu huyu wa mahesabu akataka kujua ni nani anayeyahesabu mabehewa upande wa pili ili kuhakikisha kwamba hakuna lililosahaulika melini, swali ambalo miezi mitatu ya kusoma haikunipa jibu lake. Nilicheka hadi nikakohoa. Halafu akasema, macho amefumba, "Nilikuona ukichukua koti langu. Nikasema afadhali, kuna baridi." Kumbe alikuwa macho. Nilitaka kukasirika upya lakini sikuipata hasira pale nilipoiacha. Nikaendelea, na nilipofika kwenye sanamu alikuwa amekwisha kulala, kwa hiyo upande wa Villa San Giovanni, bandari ya Italia bara tulikotokea, bado ninamdai.

Sasa hivi kitinda mimba ametuma ujumbe: "Mama ukipata nafasi nipigie, si jambo baya." Mtoto huyu hajawahi kuniandikia zaidi ya maneno mawili, na sijamuuliza kama ni jambo baya. Nimepiga mara mbili. Simu inaita, haipokelewi.