Nimetafuta kibla kwenye kiwanda cha sigara

Jana treni ikiingia Dresden, huku Ujerumani, nikaona kuba kubwa la vioo vya rangi na mnara pembeni. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, Alasiri naiwahi kwa jamaa. Nikashuka, mbio mpaka mlangoni. Ofisi tupu! Na juu, chini ya kuba, mkahawa.

Kumbe ni Yenidze, kiwanda cha sigara cha Hugo Zietz, kilichokamilika 1909. Mchoraji wa ramani yake Martin Hammitzsch. Jina ni la mji uliotoa tumbaku, enzi hizo chini ya dola ya Uthmaniya, leo uko Ugiriki. Jiji halikutaka kiwanda chenye sura ya kiwanda karibu na majumba yake ya kale, basi tajiri akakivisha joho: matao, nakshi, kuba la kuiga makaburi ya Wamamluki, watawala wa zamani wa Misri, kule Cairo. Na ule mnara? Dohani! Badala ya adhana, moshi. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Lakini ni mzuri, sikatai. Nimeukodolea macho karibu nusu saa. Alasiri nikaiswali ukingoni mwa mto Elbe, koti ndiyo mswala.