Protini mbili za punje moja ya mtama

Dodoma, msimu wa mavuno

Kila mtama unapoanza kuanikwa, nawaza protini mbili za punje ileile. Zote zinapitia mlango mmoja wa seli. Moja haitoki tena, nyingine inatoka hadi nje ya seli. Hapo ndipo panapoamuliwa ugali utasagwaje tumboni na uji wa mtoto utalegeaje.

Jeni inanakiliwa kwenye kiini cha seli, kisha ribosomu, mashine ndogo ya seli ya kuunda protini, inaisoma nakala hiyo (RNA) herufi tatutatu na kuunganisha asidi amino, yaani matofali ya protini, moja baada ya nyingine. Zile za mwanzo, kama 20 hivi, ni anwani tu, mfano wa jina la kituo linaloandikwa juu ya mzigo wa basi. Zikichomoza, chembe maalumu inazikamata, inasimamisha kazi kidogo, na kuipeleka ribosomu kwenye utando wa retikulamu endoplazimu, mtandao wa mirija na vifuko ndani ya seli. Huo ndio ule mlango. Mnyororo unaingia ndani huku bado unaundwa, na anwani inakatwa. Kugundua kwamba protini hubeba anwani yake yenyewe kulimpatia mwanasayansi Günter Blobel Tuzo ya Nobel mwaka 1999.

Ya kwanza ni kafirini, akiba ya punje inayokomaa. Ikishaingia haisafiri tena. Inajikusanya humohumo kuwa vidonge vidogo, aina ya alfa katikati, beta na gama zikiizunguka. Hizi za pembeni zina sisteini nyingi, asidi amino yenye salfa, na sisteini hushikana kwa vifungo vya salfa. Ukipika ugali, maji na moto huongeza vifungo hivyo, ganda la vidonge hivyo linakaza, na vimeng'enya vya tumbo, yaani protini zinazokatakata chakula, havifiki ndani kirahisi. Kwa hiyo kiasi cha protini kinachopimwa kwenye unga si kile mwili unachopata. Kuchachua unga kabla ya kupika kunasaidia. Upungufu wa laisini, asidi amino ambayo mtama unayo kidogo, ni jambo jingine, na huo dawa yake ni kunde au choroko pembeni ya ugali.

Ya pili ni alfa-amilesi, kimeng'enya cha kukata wanga, na kwenye punje kavu karibu haipo. Mbegu ikinywa maji na kuanza kuota, jeni yake huamka. Ndani ya retikulamu mnyororo unakunjwa na kupokea kalsiamu. Uliokunjwa vibaya unazuiwa na hatimaye kuvunjwavunjwa. Ulio sawa unapakiwa kwenye vifuko, unapitia Golgi, kituo cha seli cha kupanga mizigo, unamwagwa nje ya seli na kuanza kukata wanga. (Watu husema kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, "kinaongeza sukari". Sukari hiyo haitoki nje, inatokana na wanga uliokuwepo unaokatwa.)

Ili kupata kimea cha kulegeza uji, loweka mtama usiku kucha, ukibadilisha maji. Chuja, tandaza, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 hadi 4, ukigeuza na kunyunyizia maji. Rundo likiwa nene linapata joto, linaota ukungu. Kimea chenye ukungu kitupwe. Mbegu iliyovunjika kiinitete haina cha kuamsha, na mtama wa ukakasi hutoa kimea dhaifu kwa sababu tanini, kemikali inayoleta ukakasi huo, hunasa vimeng'enya. Baada ya kukausha, sugua na upepete hadi vijizizi na vichipukizi viishe kabisa. Vina kemikali iitwayo dhurini, na dhurini hutoa sianidi, ambayo ni sumu. Jua peke yake haliimalizi. Hapa sioni pa kufanya mzaha, hasa kama uji ni wa mtoto.

Kosa linaloharibu kazi yote ni kutia kimea kwenye uji unaochemka. Amilesi inakunjuka papo hapo na kuacha kufanya kazi, uji unabaki mzito, na kimea kinalaumiwa bure. Epua, koroga mpaka upoe kufikia nyuzi 60 hivi, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kilichosagwa kwa bakuli, koroga. Ndani ya dakika chache kijiko kinaanza kupita bila kukwama. Ukishalegea rudisha jikoni uchemke tena, maana kimea kibichi hubeba vijidudu, na amilesi kwa wakati huo imeshamaliza kazi yake.