Oili Kidogo ya Miguuni

Mikono ndiyo iliyolalamika kwanza. Nikifika chini ya mlima kwa baiskeli, vidole vimekufa ganzi na viganja vinawaka kama vya mtu aliyeshinda akichimba kisima. Nikasema ni umri. Halafu nikasema ni glavu. Nikabadilisha glavu, ganzi ikabaki palepale.

Nikahamia kwenye virekebishi vya foku, yaani vitufe vya kuilegeza au kuikaza; foku ni ule uma wa mbele unaoshika gurudumu na kumeza mishtuko. Foku yangu ni ya krauni mbili, yaani vishikio viwili vinavyounganisha mabomba yake juu, ile ya baiskeli za kuteremkia milima tu: inacheza milimita 200, mguu mmoja una springi ya hewa, mwingine una dampa, kifaa cha oili kinachotuliza mchezo wake. Kompresheni, kirekebishi cha ugumu wa kuzama, nikaifungua mpaka mwisho. Bado ngumu. Nikapunguza hewa. Bado. Nikapunguza tena. Sasa nikikamata breki ya mbele baiskeli inapiga magoti, nikitua kutoka juu foku inagonga mwisho wake kwa kishindo, lakini kwenye vijiwe vidogo vya njiani mikono inatetemeka vilevile. Yaani laini kwa makubwa, ngumu kwa madogo. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Sikushtuka, nikaendesha hivyo miezi miwili.

Mwisho nikafanya jaribio la kitoto ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Nilisimama kando ya baiskeli, nikaweka mkono kwenye usukani na kuukandamiza polepole sana. Kimya. Nikaongeza nguvu. Kimya. Nikaongeza kidogo tu, foku ikaruka chini ghafla kama droo iliyokwama ikiachia. Basi, mgonjwa alikuwa amejitaja.

Foku inapokauka, mabomba ya alumini yanayoingia ndani ya miguu yanang'ang'ania kwenye bushi, zile pete yanamopita, na kwenye sili, mpira wa mdomoni unaozuia vumbi na oili. Ili kuuvunja mng'ang'anio ule inahitajika nguvu ya kiasi fulani kabla foku haijasogea hata milimita moja. Ukitua kutoka juu, nguvu hiyo unaipita mara nyingi bila kuisikia, ndiyo maana foku ndefu inaficha ukavu wake vizuri. Kijiwe cha ukubwa wa ngumi hakifiki huko. Kwa kijiwe kile foku ni chuma kitupu, na kinachocheza badala yake ni viwiko vyako. Hakuna kirekebishi kinachotibu hilo. Mimi nilikuwa natoa hewa kumbe kinachotakiwa ni oili, tena oili kidogo tu, ile ya kulainisha inayokaa chini kwenye miguu. Haihusiani na oili ya dampa. Hiyo imefungiwa ndani ya dampa na ina kazi yake.

Kwa nini ilikauka? Kwa sababu ya hesabu zangu. RockShox, watengenezaji wa foku, wanaandika kwamba miguu ya chini ifunguliwe kila baada ya saa 50 za kuendesha, na dampa kila baada ya saa 200. Fox, watengenezaji wengine, husema saa 125 au mara moja kwa mwaka. Nikajipigia hesabu ya mtu mvivu: mteremko mmoja dakika nne, miteremko kumi kwa siku, hiyo ni dakika 40. Saa 50 ni dakika 3,000. Kwa hiyo nina siku 75 za mlima kabla sijagusa spana! Nilifurahi sana siku ile.

Kasoro ya hesabu hii ni kwamba mwenye baiskeli ya kawaida, katika saa zake 50, sehemu kubwa anapanda au anakwenda tambarare, na foku yake inasinzia. Yangu ikifanya kazi inafanya kazi kweli, kila dakika. Tena vumbi halisomi saa. Linajikusanya kwenye mdomo wa sili hata baiskeli ikiwa imebebwa nyuma ya gari. Siku hizi nafungua kila zikifika saa 20 za kuteremka, au nikishaendesha kwenye tope la kweli mara mbili, bila kujali saa. Naandika kwenye utepe niliobandika chini ya tandiko.

Watu wengi wanaogopa kufungua foku ya krauni mbili kwa sababu inaonekana kama ya pikipiki. Kumbe hii ndiyo rahisi: krauni huzigusi kabisa. Mabomba yanabaki yameshikwa juu, unavuta miguu tu ishuke. Ondoa gurudumu la mbele, fungua kalipa ya breki, kile kibano chenye pedi, uifunge pembeni kwa kamba isining'inie kwa mpira wake, halafu weka kipande cha kadibodi katikati ya pedi. Mtu asiye na la kufanya atapita aminye breki, na pistoni zitatoka.

Kisha toa hewa. Yote. Minya vali, sukuma foku chini mara kadhaa, minya tena, maana chumba cha pili cha hewa kinaweza kubaki na kitu. Kwenye hili sina mzaha.

Chini ya kila mguu kuna bolti. Upande wa dampa kwanza chomoa kitufe cha ribaundi, kile cha kasi ya foku kurudi juu, ukiwa umehesabu kiko kwenye mlio wa ngapi. Legeza bolti zote mbili mizunguko mitatu au minne, usizitoe, halafu zigonge kwa nyundo ya mpira mpaka fimbo za ndani ziachie. Ukiitoa bolti yote kwanza ndipo ugonge, unagonga nyuzi za fimbo, na nyuzi zikifa umeununua msiba. Ikishaachia, weka beseni, maliza kufungua, vuta miguu chini.

Kilichotoka upande wa hewa kilikuwa kama kijiko kimoja. Upande wa dampa, matone. Rangi ilikuwa ya kijivu na ilimeremeta nilipoigeuza kwenye mwanga. Nimejifunza kuisoma oili hii kuliko ninavyosoma namba za virekebishi. Ikiwa nyeusi na nzito, hilo ni vumbi, umechelewa kidogo. Ikiwa nyeupe kama iliyochanganywa na maziwa, maji yameingia, na mara nyingi ni kwa sababu mtu ameelekeza mashine ya kuoshea ya presha kwenye sili. Ikimeremeta kijivu, ni chuma. Kuna kitu kinasuguliwa.

Niliyapangusa mabomba, na nyuma ya lile la kulia, mahali bushi inapopita, nikaliona doa. Ngozi ngumu ya rangi iliyo juu ya alumini imelika, fedha inaonekana. Nikapitisha ukucha, haukunasa. Kama ingekuwa mkwaruzo wa jiwe ningeulainisha kwa msasa laini kabisa uliolowa, ukingo wake usichane sili. Lakini ngozi iliyolika hairudi. Dawa yake ni bomba jipya, basi. Nilikaa chini nikalitazama doa lile kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa nimeitazama foku nzima mwaka ule.

Usafi wa ndani ni kazi ya fimbo ya mbao na kitambaa kisichoacha nyuzi, unaingiza na kutoa mpaka kitambaa kitoke cheupe. Chini ya sili kuna duara la sponji. Hilo ndilo linaloshika oili na kuipaka kwenye bomba kila foku inapocheza. La kwangu lilikuwa kavu na gumu. Yakiwa bado mazima unayakamua, unayaosha na kuyalowesha kwenye oili mpya, yangu niliyatupa.

Kurudisha miguu ndipo haraka inapoponza. Mdomo wa sili ukikunjika ndani huoni kitu, ila baada ya siku mbili oili inachuruzika. Nenda upande huu kidogo, upande ule kidogo, kwa vidole. Ukifika nusu, inamisha baiskeli, tia oili kwa sirinji kupitia tundu la bolti. Kiasi gani? Kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha foku yako, ya mwaka wako, na miguu miwili haipewi kiasi sawa. Usiongeze ya huruma. Nafasi iliyo juu ya oili ni hewa, nayo inabanwa foku ikizama; ukiijaza oili hewa inakosa pa kukaa, foku inakuwa ngumu mwishoni, na sili zinaweza kusukumwa nje.

Wosha za chini, zile pete nyembamba za bolti, zibadilishwe, ni ndogo na ndizo zinazozuia kuvuja. Bolti zikazwe kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Zangu zinataka nyutoni-mita 7, ambazo mkono wenye hamu unazipita bila kujua.

Kuna mambo mawili ya mwisho ambayo nilikuwa siyafanyi. Gurudumu likirudi, kaza ekseli, lakini zile bolti ndogo za kubana ekseli upande mmoja ziache wazi kwanza. Sukuma foku chini mara tano, sita, miguu ijipange yenyewe, ndipo uzibane. Ukizibana mapema miguu inakaa kama mtu aliyevaa viatu vya namba mbili tofauti, na unaurudisha ule mng'ang'anio ulioutoa kwa jasho. La pili ni hewa iliyonaswa miguuni. Foku iliyofungwa chini kisha ikapelekwa mita 1,000 juu imezungukwa na hewa iliyopungua kwa kama sehemu moja ya kumi, kwa hiyo ile ya ndani inasukuma. Foku nyingi mpya zina vitufe nyuma ya miguu vya kuitoa. Nikifika juu naviminya kabla sijavaa kofia, vinatoa mlio mdogo, fss.

Dampa siifungui. Inataka vifaa ambavyo sina na subira ambayo sina zaidi. Saa zake zikifika naipeleka kwa mtu.

Usiku ule niliilaza baiskeli miguu juu ili oili ishuke kwenye sponji. Asubuhi nikarudisha hewa ya zamani, na kompresheni nikaifunga mpaka pale ilipokuwa kabla ya wazimu wangu. Mteremko wa kwanza niliufanya polepole, nikasimama chini kutazama mabomba. Kila moja lilikuwa na duara jembamba la unyevu, jembamba kiasi kwamba inabidi uinamishe kichwa ulione. Vidole vilikuwa vinafanya kazi, vyote kumi.

Doa lipo. Nimelipima, lina milimita 11, na nimeliandika kwenye utepe chini ya tandiko, pembeni ya saa.