Shilingi kumi ya simba na daftari la wageni

"Kariri fomula tu, mengine yatajipanga." Siku nikikutana tena na aliyenipa ushauri huo nitamdai ada ya muhula. Nilizikariri kweli, mpaka nikawa nazitaja nikipiga mswaki, halafu jaribio la kwanza la takwimu nikapata 7 kwa 30. Na hizo saba, tano zilikuwa za kuchora grafu.

Mimi ni soja wa usiku kwenye geti la fleti moja huku Kileleshwa. Nina miaka 41. Jioni nasoma diploma mjini, nikitoka darasani naingia kazini. Sekondari, mimi na hesabu tulikuwa watu wa kusalimiana kwa mbali, kwa hiyo niliposikia takwimu ni somo la lazima nilitaka kubadilisha kozi. Ada nilikuwa nimeshalipa, basi nikabaki.

Kilichonifungua macho kwanza ni matatu, yaani gari la abiria. Nilianza kuandika dakika ninazotumia kutoka Kawangware hadi mjini: 35, 40, 38, 42, 45, 37, 41, 39. Siku ya tisa ikanyesha, na Nairobi ikinyesha mnaijua: 133. Nikajumlisha, nikapata 450, nikagawa kwa tisa: wastani dakika 50. Nikaangalia orodha yangu tena. Hakuna hata siku moja niliyotumia dakika 50! Siku nane nilifika mapema kuliko huo wastani, siku moja ya mvua ikaniharibia jina. Nikazipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, nikachukua ile ya katikati kabisa: 40. Hiyo ndiyo safari yangu. Tangu hapo mtu akiniambia wastani wa mshahara mahali fulani ni kadhaa, namuuliza kama na mkubwa wao amehesabiwa humo.

Uwezekano ndio uliokuwa mlima. Kitabuni kila mara ni sarafu, sarafu, sarafu, nami nikajiambia: sarafu ninayo, na usiku ni mrefu. Nikatoa shilingi kumi, hii mpya yenye simba upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Karatasi sikuwa nayo, ila daftari la wageni lilikuwa na kurasa nyingi tupu nyuma. Nikawa narusha na kuandika, S ni simba, N ni nembo. Kama wiki mbili hivi, kati ya kufungua geti na kufunga, nikafika mara 1,000.

Mara 10 za kwanza simba alitokea 7. Nikadhani sarafu ni mbovu. Zilipofika 100, simba 54. Zilipofika 1,000, simba 487 na nembo 513. Yaani kutoka asilimia 70, hadi 54, hadi 48.7. Lakini tazama jambo ambalo mwalimu hakulitaja: tofauti yenyewe kati ya simba na nembo haikupungua. Mwanzo ilikuwa 4, ikawa 8, mwisho ikawa 26! Asilimia inasogea kwenye nusu kwa sababu jumla imekuwa kubwa, si kwa sababu sarafu inarudi nyuma kulipa deni.

Hilo nililielewa kwa hasara. Usiku mmoja Baba Shiru, soja wa geti la jirani, alikuja kuota moto kwangu akakuta nembo imetokea mara tano mfululizo. Nikamwambia kwa sauti ya msomi, "Sasa ni simba, lazima." Akaweka hamsini. Nembo. Nikaongeza, mia. Nembo. Mia mbili, kwa sababu sasa simba atakosaje? Nembo. Ya tisa nilikataa kuweka hela, nayo ikawa nembo vilevile. Mia tatu na hamsini zikaenda, Baba Shiru akaondoka akiniita mwalimu.

Kwa hasira nilirudi kwenye daftari nikatafuta kila mahali nembo ilipotokea mara tano zikifuatana, nikaangalia kilichofuata. Mahali 31. Mara 15 simba, mara 16 nembo. Nusu kwa nusu, kama kawaida. Sarafu haikujua kabisa kwamba mimi nasubiri simba.

Baadaye nikasoma habari za John Kerrich, mwanahisabati aliyekuwa akifundisha Afrika Kusini. Mwaka 1940 Wajerumani walipovamia Denmark walimkuta huko, akazuiliwa kambini, naye akarusha sarafu mara 10,000 na kupata kichwa mara 5,067. Nilifurahi sana. Yeye alifungiwa, mimi angalau nalipwa, ingawa si sana.

Sasa lile swali la "angalau" lililonimaliza kwenye jaribio: ukirusha dadu mara nne, kuna uwezekano gani wa kupata sita angalau mara moja? Niliandika 4/6, nikijumlisha moja ya sita mara nne. Ukienda hivyo, mara sita ni uhakika, na yeyote aliyecheza ludo akakaa zamu kumi bila kutoa kete nyumbani anajua huo ni uongo. Ujanja ni kutafuta usichokitaka. Kukosa sita mara moja ni 5/6. Kukosa mara nne ni 5/6 ijizidishe mara nne, yaani 625/1296. Toa hiyo kwenye moja, unabaki na kama 0.52. Kwa njia hiyohiyo, na kalkuleta niliyonunua River Road kwa elfu moja na kitu, nilipata kwamba kwenye matatu ya watu 33 uwezekano wa angalau wawili kuzaliwa tarehe moja ya mwezi mmoja unapita asilimia 77. Nilimweleza kondakta, akaniambia nisogee nyuma.

Mtihani wa mwisho nilipata 68. Baba Shiru alisikia akasema zile mia tatu na hamsini zilikuwa ada, na risiti hatoi.

Shida ilikuja msimamizi alipopita kukagua. Akafungua daftari upande wa nyuma, akakuta kurasa na kurasa za SNNSNSSN. Akanyamaza kwa muda. "Mzee, hizi ni saa za nani kutoka na nani kuingia?" Alidhani nawachorea wezi ramani. Nikamweleza habari ya simba na nembo. Hakuamini, nikatoa ile shilingi kumi nikarusha mbele yake mara ishirini, na bahati yangu mbaya simba akatokea 14.

Wiki iliyofuata akaleta daftari jipya. Juu ya jalada ameandika kwa herufi kubwa: LA WAGENI PEKEE.