MRI Haihesabu Mbegu

Katika chumba cha picha ninachofanyia kazi hapa Mombasa, hujitokeza waume ambao ndoa zao hazijapata mtoto, walio tayari kulipia MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku kubwa, ghali kama ilivyo, ilhali hawajakubali kutoa manii kwenye kikopo cha maabara. Na mara nyingi mke ameshapimwa kila kitu na hata kunyweshwa kombe la aya za Kurani. Haya yao naielewa. Lakini MRI haihesabu mbegu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja mbegu milioni 16 kwa mililita kuwa kiwango cha chini cha kulinganishia, na hesabu hiyo hutoka maabara, si kwenye sumaku. Kisha hufuata vipimo vya homoni na altrasaundi ya korodani, ambayo ni nafuu na kwa kawaida hutosha kuonyesha varikoseli, yaani vena zilizovimba.

MRI ina mahali pake. Chukua mwanamume ambaye manii yake ni machache, yana asidi na hayana mbegu hata moja wala sukari ya fruktosi, ilhali korodani zake ni za ukubwa wa kawaida na homoni zake ni sawa. Huyo hushukiwa kuwa njia imeziba karibu na tezi dume, au kwamba vifuko vya shahawa na mirija yake havikuumbika tangu tumboni mwa mamake. Altrasaundi inayopitishwa njia ya haja kubwa husaidia, lakini MRI huzipambanua tishu laini kwa uwazi zaidi, hata kisti ndogo, yaani kifuko cha majimaji, iliyo katikati ya tezi dume ikaonekana inavyobana mirija, na vifuko nyuma yake vikaonekana vimetanuka. Tiba hutegemea tofauti hiyo. Kisti yaweza kufunguliwa kwa upasuaji kupitia njia ya mkojo. Mirija isiyokuwepo haina cha kuzibuliwa, hivyo mbegu huvutwa kutoka korodani au epididimisi, mrija ulio nyuma ya korodani, ili yai lirutubishwe maabara, baada ya wenzi wote wawili kushauriwa kupima CFTR, jeni ambayo hitilafu yake yaweza kuifanya mirija hiyo isiumbike.

Wakati mwingine picha inayohitajika ni ya kichwa. Homoni ya prolaktini ikiwa juu sana na ile ya kiume, testosteroni, ikiwa chini, tunatafuta uvimbe kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambao mara nyingi hutibiwa kwa vidonge. Watafiti nao wanajaribu kupima kemikali kama kolini ndani ya korodani ili kukisia kama mbegu bado zinatengenezwa. Hilo ni la utafiti, nami nisingemshauri mtu alipie kwa sasa.

Anayekuja na barua ya daktari asihofu mionzi, kwa kuwa MRI haitumii eksirei. Chuma ndicho cha kuhofiwa: mwenye kifaa cha kuendesha moyo aseme mapema, na mafundi wa kuchomelea wa bandarini na wa gereji waseme pia, kwani chembe iliyobaki jichoni yaweza kusogezwa na sumaku, na anayeshukiwa kuwa nayo hupigwa eksirei ya macho kabla ya kuruhusiwa kuingia.